Ndoo Chini ya Kiyoyozi: Kisa cha Madirisha na Milango ya Nyumba Moja Mombasa

Usuli

Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya tatu katika jengo la ghorofa tano, upande wa Kisauni, karibu na bahari kiasi cha kusikia mawimbi usiku maji yakijaa. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule yenye roshani, jikoni, choo na bafu. Waliokuwa wakiishi humo ni sita: mume na mke, watoto watatu, na nyanya wa watoto. Majina, mtaa na alama nyingine nimeziondoa. Mke nitamwita Bi. Z., kwa sababu yeye ndiye aliyeniita kukagua nyumba na ndiye aliyeweka kumbukumbu zote zilizoniwezesha kuandika haya.

Sebule na chumba cha wazazi vinatazama magharibi. Chumba cha wavulana na jikoni vinatazama kusini mashariki, na chumba cha nyanya na binti kiko pembeni, dirisha lake likielekea kaskazini. Madirisha yote ni ya aluminiamu ya kuteleza, kioo kimoja, na nje yake grili za chuma. Juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa yaliyoachwa na mwashi, kama ilivyo desturi ya majengo yetu. Viyoyozi ni viwili: sebuleni, na chumba cha wazazi chenye kile cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza).

Malalamiko yalikuwa mawili. Tokeni ya umeme haikai. Na kiyoyozi cha chumbani kinanguruma usiku kucha, lakini alfajiri mtu anaamka shingo imelowa jasho.

Kilichofanyika kabla sijaitwa

Januari, Kaskazi ikivuma na joto likipanda, mume wa Bi. Z. alisoma mahali kwamba nyumba inayovuja hewa ni nyumba inayovuja pesa. Maneno ya kweli, kwa watu wa nchi za baridi. Akamleta fundi, akamwambia azibe kila penye upenyo.

Fundi akatii, tena kwa bidii. Akajaza silikoni kwenye matundu yote ya hewa juu ya madirisha, ya jikoni na bafuni yakiwemo. Akabandika sponji ya kunata kwenye fremu za milango yote ya vyumba. Na kwa kuwa aliona vitundu vidogo chini ya fremu za madirisha, upande wa nje, navyo akaviziba. Vitundu hivyo ndivyo vya kutolea maji ya mvua yanayoingia kwenye reli. Alidhani ni kasoro ya kiwandani.

Februari tokeni ilikuwa ile ile. Masika ilipoingia na Kusi ikaanza kusukuma mvua upande wa kusini mashariki, reli ya dirisha la wavulana ikajaa maji kama mfereji, yakafurika ndani, yakashuka ukutani hadi kwenye godoro. Mei kuvu ikatokea nyuma ya kabati la wazazi, na kanzu ya Ijumaa ikatoka kabatini na madoa ya kijani. Jikoni, nyanya aliyezoea kupalia makaa siku za biriani alianza kulalamika kichwa. Hilo ndilo lililonitisha nilipohadithiwa. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na jiko la makaa katika jikoni lililozibwa matundu ni hatari ya roho, si ya bili.

Mwezi huohuo mlango wa chumba cha wazazi ulivimba ukakataa kufunga. Akaitwa seremala, akaupiga randa chini na ubavuni mpaka ukapita bila kukwaruza. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Siku ya ukaguzi

Niliitwa mwaka uliofuata, wiki ya pili ya Februari, joto likiwa kileleni. Nilifika saa tisa alasiri kwa makusudi, maana ukikagua nyumba inayotazama magharibi asubuhi utaambiwa uongo na kila ukuta.

Chumbani jua lilikuwa limeshalala kitandani. Pazia zito la rangi ya zambarau lilikuwa limefungwa, na Bi. Z. alijivunia unene wake. Nikamwomba aingize mkono kati ya pazia na kioo. Aliuchomoa haraka. "Kumbe ni tanuri!" alisema. Ndivyo. Jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia ndani. Pazia hulipokea, likapata moto lenyewe, kisha likaligawa chumbani polepole hadi usiku.

Halafu nikamwomba chetezo na udi. Alicheka, akadhani natania. Tukawasha kiyoyozi, tukafunga dirisha na mlango, tukangoja chumba kipoe kidogo, kisha nikapitisha moshi taratibu kwenye kingo. Chini ya mlango moshi ulilala na kukimbilia nje ukumbini, kana kwamba kuna mtu anauvuta. Juu ya dirisha, pale vipande viwili vinapokutana, moshi ulirudishwa usoni mwangu. Hewa baridi ni nzito, humwagika chini. Nafasi yake hujazwa na hewa ya joto inayoingilia juu. Chumba kilikuwa kikimwaga ubaridi kama ndoo iliyotoboka kitako.

Nikapanda kigoda kutazama. Magurudumu ya dirisha yalikuwa yamelika upande mmoja, kipande cha kuteleza kikainama, na juu kukabaki upenyo wa umbo la kabari: kona moja unapitisha ncha ya kidole, kona ya pili hakuna kitu. Lachi haikufikia tundu lake. Ile brashi ya manyoya iliyochomekwa pembeni mwa fremu kuzuia hewa ilikuwa imelala chapa, imegandamana na vumbi na chumvi hadi ikawa kama ukoko wa chungu. Chini ya mlango nilipima milimita 18. Mlango ulipigwa randa ukiwa umevimba kwa unyevu wa Mei. Kaskazi kavu ilipokuja ukasinyaa, na kilichokwisha kukatwa hakikurudi.

Jambo la mwisho siku hiyo lilikuwa ndoo. Bomba la maji ya kiyoyozi cha chumbani lilimwagia roshani ya jirani wa chini, ugomvi wa siku nyingi. Nikaliingiza kwenye ndoo ya lita 20 na kumwomba Bi. Z. apime kwa jagi kila asubuhi: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wiki nzima ilitoka kati ya lita 8 na 10.

Watu hushangaa nikisema hiyo ndoo ni mita nzuri kuliko vyombo vingi vya bei. Kila lita ni mvuke uliokamatwa hewani, na kuukamata kunamlazimu kiyoyozi aondoe joto la karibu yuniti 0.68, kwa mashine ya kawaida ni umeme wa robo yuniti hivi, kabla hata hajaanza kupooza chumba chenyewe. Watu wawili waliolala hawatoi lita moja kwa usiku. Kiasi fulani kilitoka kwenye nguo na godoro lililonyonya unyevu mchana. Iliyobaki iliingia na hewa ya nje. Usiku wa Mombasa wa nyuzi 28 au 30, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 20 na zaidi za maji. Chumba kilichopozwa vizuri kina nusu ya hizo.

Maamuzi, na kwa nini

Mume alikuwa na wazo lake tayari. Duka moja la aluminiamu lilikuwa limempigia hesabu ya kubadilisha madirisha yote kuwa ya vioo viwili. Nilimwomba tukae mezani tuhesabu dirisha moja tu, la chumbani, lenye mita mraba 3.4.

Kioo kimoja hupitisha takriban wati 6 kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani. Nje nyuzi 31, ndani 24: tofauti ni 7. Jumla haifiki wati 150. Vioo viwili vingeokoa nusu yake. Sasa jua: saa kumi alasiri, ukuta wa magharibi hupigwa na wati kama 600 kwa kila mita mraba, na kioo cheupe huachia sehemu kubwa ipite, tuseme asilimia 80. Hiyo ni zaidi ya wati 1,600. Kama pasi ya umeme iliyowashwa na kusahauliwa kitandani kila alasiri. Kioo cha pili hakiizimi pasi hiyo. Kinaipunguza kidogo tu. Ulaya vioo viwili vina maana kwa sababu ndani ni nyuzi 20 na nje huenda ikawa sifuri. Sisi tofauti yetu ni ndogo. Adui wetu ni jua na mvuke.

Kwa hiyo mpangilio ukawa hivi: kwanza kufungua kilichozibwa kimakosa, kisha kivuli nje ya kioo, na mwisho ndipo kuziba, tena chumba chenye kiyoyozi pekee.

Kufungua hakukuwa na mjadala kwangu. Jikoni, bafuni, chumba cha nyanya na cha wavulana havina kiyoyozi. Vinaishi kwa upepo. Kuviziba ni kuvigeuza chungu cha kupikia mvuke. Mume alisita, pesa ya silikoni ilikuwa imeshatoka. Mkewe alimkumbusha ile kanzu, akanyamaza.

Kivuli kilikuwa na mgogoro wake. Wazee wetu wa Mji wa Kale walilimaliza jambo hili kwa shata za mbao zenye mabapa ya kulala: upepo unapita, jua linabaki nje, na aliye ndani anaona barabara bila kuonekana. Nilikwenda kwa mzee mmoja seremala wa huko nikamuuliza bei ya jozi moja ya shata za mbambakofi. Akaniangalia. "Mwanangu, mbambakofi wenyewe uko wapi?" Kisha akanionyesha bawaba za shaba alizozing'oa kwenye nyumba iliyobomolewa, zinafunguka bila kelele. Nilitamani. Lakini mwenye jengo alikuwa amesema wazi: hakuna kutoboa ukuta wa nje, na chochote kiwe cha kuondoka na mpangaji.

Tukachukua njia ya pili. Chumbani, neti ya kivuli ya wakulima, ile ya asilimia 80, ikapigiliwa kwenye fremu nyepesi na kufungwa kwenye grili ya nje, ikiacha nafasi ya shubiri moja na zaidi hadi kwenye kioo ili hewa ya joto ipande na kuondoka. Roshani ya sebule ikapata pazia la mianzi la kukunjwa, likining'inia kwenye ukingo wa nje, siyo mlangoni. Kibaraza cha zege kilichotokeza juu ya dirisha hakingetosha. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri liko juu sana na kibaraza hulizuia, lakini la saa kumi huingia kwa ubavu, chini yake.

Karatasi nyeusi ya tinti niliikataa. Ikibandikwa ndani hunyonya joto na kulikalisha pale pale kwenye kioo, na chumba kinabaki giza na moto kwa pamoja.

Kazi yenyewe

Siku mbili, watu wawili. Gharama yote, vifaa na ufundi, ilikuwa kama shilingi 26,000, chini ya bei ya dirisha moja la vioo viwili kwa hesabu ya lile duka.

Silikoni tuliikata kwa kisu cha makali. Vitundu vya maji vya fremu tulivizibua kwa msumari, tukamimina kikombe cha maji kwenye reli na kutazama yakitokea nje. Wavulana walitaka kumimina wao, wakamimina mara kumi.

Dirisha la chumbani tulilinyanyua kutoka kwenye reli na kulilaza juu ya mkeka. Magurudumu mapya yana skrubu ya kurekebisha kimo pembeni mwa fremu. Ukiizungusha, kipande kinapanda au kushuka upande mmoja, na ile kabari ya juu inajifunga bila gundi yoyote. Mafundi wengi hubadilisha lachi kwanza kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa. Lachi haikuwa na kosa. Ilikuwa inangojea dirisha lisimame wima. Brashi ya zamani tulivuta kwa koleo, tukasugua mfereji wake kwa mswaki na maji matamu, tukachomeka mpya ya manyoya marefu kidogo. Reli ikafutwa, ikapakwa silikoni ya kupulizia. Mafuta ya kawaida hushika mchanga, na baada ya mwezi una msasa badala ya kilainisho.

Mlango tuliushusha. Kingo za juu na chini zilikuwa mbao tupu, hazijawahi kuona rangi tangu kiwandani, na ndipo mbao hunywea unyevu. Tukapigilia ubao mwembamba chini, tukapaka rangi mikono miwili kingo zote nne na nyuso zote mbili, kisha tukafunga brashi ya mlango. Ilibaki nafasi ndogo ya hewa kupenya, na niliiacha makusudi: kiyoyozi cha aina hii hakileti hewa mpya, huzungusha ile ile, na watu wamo ndani wanapumua.

Tundu la hewa juu ya dirisha la chumbani halikuzibwa tena. Liliwekewa kifuniko cha ubao chenye bawaba: usiku kiyoyozi kikiwaka linafungwa, asubuhi linafunguliwa.

Matokeo

Ndoo ilizungumza kwanza. Wiki ya pili baada ya kazi, ilitoka lita 4 hadi 5 kwa saa zilezile nane. Pungufu ya lita 4 hadi 5 kila usiku ni yuniti moja hivi ya umeme. Bi. Z. aliona tofauti nyingine ambayo mimi sikuipima: kiyoyozi kilianza kunyamaza usiku wa manane, na kimya chake kikawaamsha.

Tokeni: alikuwa akihifadhi ujumbe wote wa ununuzi kwenye simu. Februari ya kazi, siku chache tu zikiwa baada ya matengenezo, walitumia kama yuniti 390. Februari iliyofuata, 270. Nisingependa msomaji achukue hizo 120 zote kama ushindi wa brashi na neti. Kijana mkubwa alikwenda shule ya bweni Januari, na friji ya zamani ilipewa raba mpya ya mlango. Nikikadiria kwa haki, madirisha na mlango vilichangia zaidi ya nusu. Lakini kila yuniti iliyookolewa ilikuwa ya bei ya juu: kwa mapitio ya bei ya Aprili 2023, wateja wa nyumbani walipangwa kwa matumizi yao, mipaka ikiwa yuniti 30 na 100 kwa mwezi, na hawa walikuwa wameivuka kwa mbali.

Kuvu haikurudi masika ile. Kabati lilivutwa likakaa mbali na ukuta upana wa kiganja. Godoro la wavulana lilibaki kavu.

Kilichofaa, kilichoharibika

Kivuli kilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia, na kuziba kulifanya kazi kubwa pale tu palipostahili. Laiti ningeulizwa kuchagua moja kwa nyumba ya magharibi, ningechukua kivuli bila kufikiri mara mbili. Kwa nyumba inayotazama kusini mashariki, isiyo na kiyoyozi, nisingefanya lolote ila kuzibua vitundu vya maji na kufungua milango ya ndani, Kusi ipite.

Makosa yangu yalikuwa matatu. Neti niliifunga kwa waya wa mabati. Karibu na bahari namna ile, baada ya miezi mitano waya ulitoa machozi ya kutu kwenye ukuta mweupe, na mwenye jengo alipiga simu kabla yangu kujua. Nilirudi na klipu za stenlesi na dawa ya kusafishia ukuta, kwa gharama yangu. Pia niliikaza pembe nne tu, nikasahau katikati, na upepo ulipogeuka ilianza kupiga makofi usiku. Jirani wa chini, aliyekuwa ametulia baada ya ile ndoo, akaanza upya.

La tatu linaniudhi zaidi. Mlango wa sebule wa kwenda ukumbini niliuwekea sponji ya kunata kwa kuwa brashi zilikuwa zimeisha. Nilijua gundi yake haihimili jasho la pwani. Ilishuka kabla ya Kaskazi kuisha, ikaacha utando mweusi unaonasa vumbi, na binti wa nyumba aliubandua kwa mafuta ya taa na kitambaa.

Kuhusu fundi wa kwanza, sikubaliani na waliomlaumu yeye peke yake. Alipewa amri ya kuziba, akaziba. Hakuna aliyemwuliza upepo unatoka wapi, wala jua linazama upande gani.

Chumba cha nyanya bado ni tatizo ambalo sikulitatua. Dirisha lake linapata Kaskazi vizuri, lakini hulala mlango umefungwa kwa stara, na upepo usio na pa kutokea hauingii. Nilipendekeza kimiani cha mbao juu ya mlango, kama vya nyumba za zamani. Mwenye jengo anafikiria. Wakati huo nyanya ameweka pazia jepesi mlangoni na kuuacha wazi shubiri moja, umezuiwa na jiwe la kusagia ambalo wajukuu hulikwaa kila asubuhi.

Ndoo bado ipo. Maji yake Bi. Z. hupigia deki. Mara ya mwisho aliponipigia, aliniambia yamepanda tena hadi lita 6 na akauliza kama ni brashi. Nilimwambia apitishe kidole kwenye reli kwanza. Kilirudi na mchanga.